Nguruwe Wako Si Tasa, Alipandwa Saa Isiyo Yake

Leo sileti habari ya dawa mpya wala mbegu mpya. Leo natoa maoni yangu, na najua wengine hawatayapenda, hasa wenye madume ya kukodisha.

Maoni yenyewe ni haya: nguruwe jike wengi wanaopelekwa kwa mchinjaji kwa jina la "tasa" wana uzazi wao kamili. Walipandwa mapema mno, au walicheleweshwa, au walipandwa mara moja tu kisha wakaswagwa kurudi nyumbani kwa fimbo. Tunamhukumu mnyama kwa kosa la saa, na saa hiyo tunaishika sisi.

Nitaeleza kinachotokea ndani ya tumbo la nguruwe siku zile mbili tatu za joto, kisha utaona mwenyewe kwa nini nasema hivyo.

Zamani dume ndiye aliyeshika saa

Kila ninaposema jike apandwe zaidi ya mara moja, hakosekani mzee wa kunijibu: "Sisi tulipandisha mara moja na watoto tukapata." Jibu hilo lina ukweli nusu. Nguruwe wa zamani walizurura. Waliachiwa asubuhi, wakachimbua mizizi na kuokota mabaki, na dume alikuwa humo humo katikati ya majike. Dume hana kalenda lakini ana pua. Jike akikaribia joto, dume alimfuata siku nzima, akamnusa, akamsukuma ubavuni, akatoa povu mdomoni, mpaka jike akasimama kwa hiari yake. Na hakumpanda mara moja. Alimpanda jioni, akampanda usiku, akampanda kesho yake, mpaka jike akakataa. Mwenye nguruwe alikuwa shambani. Aliona mara moja, akahesabu moja.

Sasa tumejenga mabanda, na ni jambo jema. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha watu na kubeba tegu, anaharibu mazao ya jirani, na anasambaza homa ya nguruwe ya Afrika. Siombi turudi huko. Ila tulipomtenga dume na jike kwa mbao, tulichukua kazi ambayo dume alikuwa akiifanya bure. Kujua saa ya jike sasa ni kazi yako wewe mwenye banda. Usipoifanya, hakuna mwingine atakayeifanya.

Kinachotokea ndani

Nguruwe jike asiye na mimba anarudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Wapo wa siku 18 na wapo wa siku 24. Mzunguko huo unaendeshwa na homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu kutoka kiungo kimoja kwenda kingine.

Anaponyonyesha, ule unyonyaji wenyewe unaizuia tezi iliyo chini ya ubongo isitoe homoni za kukuza mayai. Ukiwatoa watoto wote kwa siku moja, kizuizi kinaondoka. Vifuko vya mayai vinaanza kukua, na jike mwenye afya na mwili mzuri anaingia kwenye joto siku ya 4 hadi ya 7.

Vifuko vinavyokua vinatoa homoni inayoitwa estrojeni. Hiyo ndiyo inayoleta yale unayoyaona kwa macho: uke kuvimba na kuwa mwekundu, kukosa utulivu, kupiga kelele, kupanda wenzake, kupunguza kula. Estrojeni ikifika juu kabisa, inaiamsha ile tezi ya chini ya ubongo imwage homoni nyingine kwa wingi, nayo inaitwa LH. Hiyo LH ni amri ya kuivisha mayai na kupasua vifuko. Amri haitekelezwi papo hapo. Zinapita kama saa 40 kabla mayai hayajatoka.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunaona jike amesimama leo asubuhi, tunadhani mayai yapo tayari leo asubuhi. Hayapo. Mayai hutoka joto likiwa limekwenda theluthi mbili. Jike aliyekwisha zaa hukaa kwenye joto siku 2 hadi 3, na mtamba siku 1 hadi 2. Jike atakayesimama kwa saa 60, mayai yake yatatoka karibu na saa ya 40. Mtamba atakayesimama kwa saa 36 tu, mayai yake yatatoka karibu na saa ya 24.

Sasa sikiliza na hili. Yai likishatoka linabaki zima kwa saa chache, 8 hadi 12 hivi. Mbegu za dume zinaweza kukaa hai ndani ya jike kama siku nzima, na zinahitaji saa kadhaa humo kabla ya kuwa na uwezo wa kurutubisha yai. Kwa hiyo mbegu zinatakiwa zitangulie kidogo, zikae kwenye mirija, mayai yazikute. Ni kama gari la kwenda mnadani. Ukifika stendi alfajiri, utalipanda. Ukifika jana yake, utachoka kusubiri na kurudi nyumbani. Ukifika likishaondoka, hata ukimbie vipi hulipati, na gari jingine ni baada ya siku 21.

Mji wa mimba si mfuko wa kupokelea tu

Wengi wanadhani dume akishamwaga, mbegu zinaogelea zenyewe hadi kwenye mayai. Hebu fikiria umbali. Mji wa mimba wa nguruwe una pembe mbili ndefu zilizojikunja kama utumbo, na kila moja kwa jike mzima inaweza kuzidi mita moja. Mbegu isiyoonekana kwa macho haiwezi kuogelea mita nzima peke yake ikafika kwa wakati.

Kinachozisukuma ni misuli ya mji wa mimba wenyewe. Misuli hiyo hujikunja na kujiachia, na siku za joto, kwa nguvu ya estrojeni, hufanya kazi zaidi kuliko siku nyingine. Halafu dume anaongeza. Harufu ya povu lake, mlio wake, kumsukuma jike ubavuni, vyote hivyo vinaufanya ubongo wa jike utoe oksitosini, homoni ile ile inayoshusha maziwa na kusukuma watoto wakati wa kuzaa. Oksitosini inaikaza misuli, na mbegu zinasafirishwa. Kwa hiyo kazi ya dume inaanza pale anaponusa, kabla hajapanda.

Adui wa kazi hiyo ni hofu. Mnyama aliyetishwa au kupigwa anamwaga adrenalini, na adrenalini inapingana na oksitosini. Sasa mwangalie jike wetu wa kijijini. Anafungwa kamba mguuni, anaswagwa kilomita nne au tano saa saba mchana, vijana wawili nyuma yake na fimbo, anafika anahema mdomo wazi. Hapo hapo anasukumwa kwa dume. Akimaliza, kamba, fimbo, njia ile ile. Kisha mwezi ujao tunasema ni tasa. Mimi nasema nguruwe huyo angeshika mimba ingekuwa bahati.

Fanya hivi badala yake. Mpeleke asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limepoa. Akifika apewe maji na apumzike. Aachwe na dume wanusane kupitia uzio kwa dakika chache kabla ya kufungua mlango. Na dume akishapanda, usimkatishe. Dume wa nguruwe si kama beberu wa mbuzi. Anachukua dakika 5, 10, hata zaidi, na anatoa shahawa nyingi, mara nyingi robo lita au zaidi. Ncha yake imejisokota na inajifunga kwenye shingo ya kizazi ili shahawa zisimwagike nje. Mwenye dume anayemvuta dume wake baada ya dakika mbili kwa sababu kuna mteja mwingine anasubiri, amekuuzia nusu ya ulicholipia.

Kuchelewa kuna hasara mbili

Kuchelewa kuna ubaya zaidi ya mayai kuharibika. Baada ya kupandwa, mji wa mimba unajisafisha. Chembe nyeupe za damu zinaingia kwa wingi kuondoa mbegu zilizobaki na uchafu ulioingia. Wakati wa joto, usafi huo una nguvu na misuli inasaidia kutoa taka nje. Mayai yakishatoka, homoni inabadilika: projesteroni inaanza kupanda, misuli inatulia, shingo ya kizazi inajifunga, na uwezo wa kujisafisha unashuka. Uchafu unaoingizwa wakati huo unabaki humo. Baada ya siku kadhaa unaona jike anatoa usaha, kisha unaanza safari za duka la dawa.

Ndiyo maana sitetei kupandisha ovyo ovyo. Jike asiyesimama kwa hiari yake asilazimishwe. Ile tabia ya kumkaba jike kwa kamba na kumshikilia ukutani ili dume apande, kwa kuwa "tumeshafika na hela tumeshatoa", naipinga kabisa. Jike anayekataa anakwambia saa haijafika au imeshapita.

Ratiba ninayoitetea

Watu watakwambia mara moja inatosha. Ingetosha kama ungejua kwa hakika saa mayai yatakapotoka. Hujui. Mimi pia sijui kwa kumwangalia nguruwe nje. Kwa hiyo tunapanga nyakati mbili ili moja wapo iangukie mahali pake.

1. Mkague jike mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kumlisha au akishamaliza kula, na jioni. Anza siku ya 3 baada ya kuachisha watoto. Nguruwe anayesubiri chakula hana muda na mgongo wake, kwa hiyo usimkague akiwa na njaa na ndoo yako inaonekana.

2. Msugue ubavuni, kisha bonyeza mgongo kwa viganja viwili kwa nguvu. Aliye kwenye joto kamili anasimama imara kama gogo na kusimamisha masikio. Ukiwa na dume karibu, hata nyuma ya uzio, jibu litakuwa la kweli zaidi. Usimkague kwa nusu saa mfululizo, maana misuli yake inachoka na atakataa kusimama ingawa yuko kwenye joto. Mwache saa moja kisha rudia.

3. Jike aliyeingia joto mapema, siku ya 4 au ya 5 baada ya kuachisha, kwa kawaida hukaa kwenye joto muda mrefu. Akisimama leo asubuhi, apandwe kesho asubuhi, arudiwe kesho jioni au keshokutwa asubuhi kama bado anasimama.

4. Jike aliyechelewa, siku ya 7 na kuendelea, pamoja na mtamba, joto lao huwa fupi. Akisimama asubuhi, apandwe jioni hiyo hiyo, arudiwe kesho asubuhi.

5. Ukiwa na nafasi ya kukagua mara moja tu kwa siku, fuata kanuni hii fupi: leo amesimama, apandwe. Kesho amesimama tena, apandwe tena. Asiposimama, acha.

Mtamba usimpandishe joto la kwanza. Mayai huwa machache na mwili wake bado. Subiri joto la pili au la tatu, akiwa na miezi 8 hivi na mwili uliojaa. Wiki mbili kabla ya kumpandisha mwongezee chakula kizuri, nao mwili utatoa mayai mengi zaidi. Akishapandwa, punguza urudi kwenye kiasi cha kawaida.

Uke mwekundu peke yake usikudanganye

Kuna mfugaji anaona uke umevimba na kuwa mwekundu, anakimbilia kwa dume, jike anakataa, anarudi. Baada ya siku nne anarudi tena. Kabla hujaanza kumlaumu nguruwe, nenda kaangalie pumba na mahindi unayomlisha.

Mahindi yaliyovunwa na unyevu au yaliyonyeshewa ghalani huota ukungu, na aina moja ya ukungu wa mahindi hutoa sumu inayoitwa zearalenoni. Mwili wa nguruwe unaidhania sumu hiyo kuwa estrojeni. Uke unavimba, chuchu zinakua, hata kwa watoto wa kike ambao hawajafikia umri, na hakuna joto la kweli wala mayai. Nguruwe huathirika na sumu hii kuliko mifugo mingi mingine. Ule usemi wetu kwamba "mahindi mabovu ni chakula cha nguruwe" unatupa hasara mara mbili: mahindi yamepotea, na uzazi umevurugika. Ukiona majike wawili watatu wamevimba kwa pamoja na hakuna anayesimama, badilisha chakula kwanza.

Kuhusu sindano ya kuleta joto

Hapa nitasema wazi, na wenye maduka ya dawa wanisamehe. Sindano ya homoni imekuwa jibu la haraka mno. Jike hajarudi joto wiki mbili baada ya kuachisha, tunakimbilia sindano. Jike amerudia joto, sindano. Mimi siipingi dawa yenyewe. Napinga kuchoma bila kujua jike yuko wapi kwenye mzunguko wake.

Sindano inayokuza mayai inafaa kwa jike ambaye mayai yake yamelala kweli. Jike ambaye tayari anazunguka vizuri, ila wewe hukuliona joto lake, ukimchoma unaweza kumvuruga kabisa, hata akapata uvimbe wa maji kwenye vifuko vya mayai. Sindano ya prostaglandini ni hatari zaidi. Mimba ya nguruwe inashikiliwa na projesteroni kutoka kwenye mifuko ya mayai kuanzia siku ya kwanza hadi ya kuzaa, na prostaglandini inaukata mshikizo huo. Ukimchoma jike uliyedhani ni mtupu kumbe ana mimba, ataitoa. Umelipia kuua watoto wako mwenyewe.

Jike aliyekonda kwa kunyonyesha watoto 10 kwa pumba tupu hahitaji sindano. Anahitaji chakula, akihitaji protini na madini ndani yake, dagaa au mashudu, chokaa na chumvi. Anahitaji pia kumwona na kumnusa dume kila siku. Vitu hivyo viwili vinarudisha majike wengi kwenye joto. Vikishindikana, mwite mtaalamu wa mifugo amkague ndipo aamue dawa. Usijichomee.

Mwezi wa kwanza ndio unaoamua

Kama siku mbili baada ya kutoka na kurutubishwa, mayai yanashuka kwenye mji wa mimba. Hapo vimimba vinaelea bila kujishikiza kwa karibu siku kumi, vikisambaa kwenye pembe zote mbili. Siku ya 12 hivi vinatoa estrojeni kidogo kumwambia mama, "tupo." Mama akiupata ujumbe, anaendelea kutoa projesteroni na mimba inabaki. Ujumbe ukiwa dhaifu, mji wa mimba unatoa prostaglandini na mzunguko unaanza upya.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui ni hili: kwa nguruwe, mtoto mmoja au wawili hawatoshi kutuma ujumbe huo. Vimimba vinatakiwa viwe kama vinne, na viwepo pande zote mbili. Kwa hiyo jike aliyepandwa kwa kuchelewa, yakarutubishwa mayai mawili tu kati ya 15, hatazaa watoto wawili. Mara nyingi atapoteza vyote na kurudi joto siku ya 21 kana kwamba hakuguswa. Wewe unasema "hakushika." Alishika kidogo, na kidogo hakitoshi.

Kwa hiyo siku za mwezi wa kwanza mwache atulie. Usimhamishe banda, usimchanganye na nguruwe wageni wa kupigana nao, usimsafirishe, mkinge na jua kali. Andika tarehe aliyopandwa kwenye daftari au kwa mkaa ukutani. Siku ya 18 hadi 24 mkague tena. Akirudi joto ndani ya siku hizo, uwezekano mkubwa ni saa ya kupandisha au dume. Akirudi siku ya 25 hadi 38, mimba ilishika kisha ikapotea, na hapo uliza kuhusu ugonjwa, joto kali, misukosuko au chakula. Asiporudi, hesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, yaani siku 114, uandae nyasi za kuzalia.

Kwenu wenye madume

Bei ya dume katika vijiji vingi inatozwa kwa mpando. Ndiyo maana mfugaji anapandisha mara moja, anaokoa hela. Mimi nashauri mtoze kwa joto. Mteja analipa mara moja, jike wake anapandwa mara mbili ndani ya joto lile lile. Wengi mtasema dume atachoka. Ni kweli ana kikomo: dume mchanga wa miezi 8 hadi 10 asizidishe mara 2 au 3 kwa wiki, na mzima mara 4 hadi 5. Basi pokea wateja wachache wanaorudi na sifa nzuri. Jike anayerudia joto anakula mara mbili nguvu za dume wako, na mwenye jike anakwenda kwa mwingine akikutangaza vibaya.

Mkumbuke pia kwamba dume aliyeugua homa kali au aliyeshinda kwenye banda la bati bila kivuli anaweza kupanda kwa bidii ilhali mbegu zake zimeharibika. Mbegu mpya huchukua kama wiki 6 kutengenezwa. Majike watatu wa wafugaji tofauti wakirudia joto kwa mfululizo, mpumzisheni dume, msiwalaumu majike.

Na dume wa kutembezwa kijiji hadi kijiji mimi sikubaliani naye hata kidogo. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na inasafiri kwa mate, damu, kinyesi, viatu na kamba. Afadhali wafugaji watano au sita wanaofahamiana wachangie dume mmoja, asitoke nje ya kundi lao, na asiingie jike wa nje. Ukisikia vifo vya nguruwe vijiji vya jirani, funga kazi ya dume mpaka hali itulie. Joto moja likipita, lingine litakuja. Banda likifagiwa na homa, unaanza na sifuri.

Kwenu wafanyabiashara

Mnauza "nguruwe mwenye mimba" aliyepandwa wiki iliyopita. Huyo hajulikani kama ana mimba, na safari ya bodaboda au ya kurundikwa kwenye lori katika wiki zile vimimba vinapojishikiza ndiyo njia nzuri ya kuzipoteza. Mnunuzi anafika nyumbani, wiki mbili baadaye jike anasimama, anakuita tapeli. Uza aliyevuka siku 30 bila kurudi joto, pamoja na karatasi yenye tarehe ya kupandwa. Toza bei ya juu kwa hiyo tarehe, ni haki yako, kwa kuwa umeuza uhakika. Na unapomnunua jike aliyeitwa tasa kwa bei ya nyama, muulize mwenyewe alipandwa lini, mara ngapi, na alikula nini. Huenda umenunua mama mzuri wa watoto kwa bei ya mishikaki.

Piga hesabu yako mwenyewe

Joto moja likipotea ni siku 21. Jike mtupu anayekula kilo 2 na nusu kwa siku atakuwa amekula kilo 52 na nusu bila kukuletea mtoto hata mmoja. Zidisha kwa bei ya chakula hapo kwenu. Majoto mawili, zidi kilo 105. Kisha weka pembeni gharama ya mpando wa pili kwa dume, au usiku mmoja wa jike kulala kwa mwenye dume. Ukiona mpando wa pili ni ghali kuliko kilo 52 za chakula, njoo uniambie nimekosea hesabu.

Unachohitaji ni daftari, kalamu, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Kabla ya kumpeleka jike wako kwa mchinjaji, mpe majoto mawili yaliyoandikwa tarehe, yaliyopandishwa mara mbili, kwa utulivu, na dume mwenye afya. Akishindwa hapo, muuze, nami sitakulaumu. Jike aliyeachisha watoto wiki hii, anza kumbonyeza mgongo siku ya tatu.